Madoa Yakitoweka, Ugonjwa Haujaondoka: Karantini na Tiba ya Samaki wa Bahari Wanaofugwa Dodoma

Jioni moja ya mwezi wa Juni, nyumbani kwangu Kisasa, nilimwona samaki wangu, kangaja wa buluu, akijipiga ubavu kwenye jiwe la tangi, mara moja, kisha mara ya pili, kama mbuzi anayejikuna kwenye nguzo ya zizi. Nilizima taa ya sebuleni nikammulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Kwenye pezi la kifuani, ambalo ni jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, palikuwa na chembe nne nyeupe zilizoinuka kidogo, kila moja ikitoshana na punje ya chumvi ya mezani. Siku tano baadaye chembe zote zilikuwa zimetoweka, samaki alikuwa akila vizuri, na aliyeniuzia akanihakikishia kwa simu kwamba amepona na kwamba nisimsumbue kwa dawa. Kabla mwezi haujaisha, samaki saba kati ya tisa niliokuwa nao walikuwa wamekufa.

Kilichowaua kilifanya kazi yake katika zile siku tulivu nilizokuwa nikishukuru. Ugonjwa wa madoa meupe ya baharini huletwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambacho mtafiti Sikama alikieleza huko Japani katika miaka ya 1930, na ambacho mtafiti mwenzake Brown alikipa jina hilo mwaka 1951. Doa tunaloliona ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi ya samaki na kinachokula seli na majimaji ya mwili wake. Kikishashiba, baada ya siku tatu hadi saba hivi, hutoka chenyewe, aghalabu wakati wa giza, kikaanguka chini na kutambaa kwa saa kadhaa kikitafuta mahali pa kujishikiza: jiwe, mchanga, kioo, bomba la pampu, hata gamba la konokono. Hapo hujizungushia kifuko kigumu na kuanza kujigawa ndani yake. Kifuko kimoja huweza kutoa vitoto zaidi ya mia mbili. Vifuko vingi hupasuka kati ya siku ya tatu na ya 28, lakini vipo vinavyochelewa sana, na watafiti wamewahi kuona kimoja kikipasuka baada ya siku 72. Kitoto kikishatoka huogelea kikitafuta samaki, na uwezo wake wa kuambukiza huanza kufifia baada ya saa chache tu. Kisipompata samaki ndani ya siku moja au mbili, hufa.

Baharini hesabu hiyo humpendelea samaki, kwa sababu katika maji mengi kiasi kile ni vitoto vichache mno vinavyobahatika kukutana naye. Katika tangi la lita 300 lililowekwa kwenye kona ya sebule hesabu hugeuka, kwani samaki hulala usiku pembeni mwa jiwe lilelile lenye vifuko, na vitoto vinapotoka havina safari ya kwenda. Ndiyo sababu wimbi la kwanza huwa na madoa manne na la pili likawa na mia nne.

Mfugaji wa Kongwa au Chamwino hatahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Kupe jike akishashiba damu huanguka majanini akataga mayai kwa maelfu, na kwa siku hizo ng'ombe huonekana msafi. Lakini hakuna mfugaji mwenye akili timamu atakayesema kwamba malisho yamekuwa salama kwa sababu tu ngozi ya ng'ombe haina kupe asubuhi ile. Mfano huo hutufikisha mbali, ila kuna mahali unapogeuka, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteza samaki. Josho humuua kupe aliye juu ya ng'ombe. Dawa tunazoweza kutia kwenye maji ya samaki bila kumuua samaki mwenyewe hazimfikii kimelea aliye chini ya ngozi, wala hazipenyi ganda la kifuko. Zinamuua yule anayeogelea tu, katika zile saa chache anapokuwa wazi. Kwa hiyo hatutibu madoa. Tunaiweka dawa majini na kuilinda kiwango chake mpaka kila kimelea kilichokuwa mwilini kiwe kimetoka na kila kitoto kiwe kimekutana na dawa kabla ya kukutana na samaki. Tiba ya namna hii hupimwa kwa kalenda, na anayeikatisha siku madoa yanapotoweka ameikatisha wakati ambapo adui yuko vifukoni kwa wingi kuliko wakati wowote.

Kabla ya kugusa dawa, hata hivyo, ni lazima ujue unapambana na nani, kwa maana vimelea vinne vinavyotusumbua zaidi havitibiwi kwa njia moja. Cha kutisha kuliko vyote ni Amyloodinium ocellatum, ambacho wafugaji wengi hukiita ugonjwa wa vumbi, kwa sababu samaki huonekana kama amepakwa vumbi laini la rangi ya dhahabu, laini kuliko yale madoa yanayofanana na chumvi. Tatizo ni kwamba mara nyingi vumbi hilo halionekani kabisa. Kimelea hiki hupenda matamvua, na dalili za mwanzo ni za pumzi: samaki huhema kwa kasi, hukimbia mwanga, hukataa chakula, au hukaa mbele ya mkondo wa pampu uso wake ukielekea maji yanakotoka. Mzunguko wake huweza kukamilika chini ya wiki moja na kila kifuko hutoa hadi vitoto 256. Nimeona tangi la mwenzangu likiwa na samaki sita wazima Ijumaa, na Jumapili jioni amebaki mmoja. Kwa hiyo samaki anayehema kwa nguvu bila doa lolote ni mgonjwa wa dharura kuliko yule mwenye madoa ishirini anayeendelea kula.

Cha tatu ni Brooklynella hostilis, kinachowapata sana wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao huishi ndani ya anemone, mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma. Hiki hakina kifuko. Hujigawa papo hapo juu ya samaki, na dalili yake kuu ni ute mzito mweupe unaochubuka kama ngozi iliyoungua. Shaba, dawa nitakayoieleza hapo mbele, haikiwezi, na anayemtia samaki huyu kwenye maji ya shaba anapoteza siku ambazo hana. Dawa yake ni formalini, ambayo ni sumu kwa mtu pia, na ambayo ningemwomba daktari wa mifugo aisimamie, madirisha yakiwa wazi. Cha nne ni minyoo bapa ya ngozi na matamvua. Ukimwogesha samaki kwa dakika tano katika maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) sawa na ya tangi lake na yanayopulizwa hewa muda wote, minyoo ya ngozi hugeuka kuwa meupe na kudondoka chini ya ndoo, ambapo utaiona kwa macho. Josho hilo la dakika tano ni kipimo kizuri kuliko kubahatisha.

Hapa Dodoma kuna jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani havilitaji. Mji wetu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 27, ambayo kule pwani yakijaa hewa huwa na miligramu 6.5 hivi za oksijeni kwa lita, hapa huishia kwenye 5.7. Samaki mzima hulivumilia pengo hilo. Samaki ambaye matamvua yake yametobolewa na vimelea, akatiwa katika dawa inayopunguza oksijeni kama formalini, halafu umeme ukakatika usiku, hana akiba yoyote. Pampu ya hewa inayotumia betri si anasa kwa mfugaji wa huku. Ningeinunua kabla ya kununua taa nzuri.

Tangi la karantini lenyewe halina ufahari. Beseni kubwa la plastiki lisilowahi kutiwa sabuni, au tangi la kioo la lita 80 hadi 100, linatosha kwa samaki wachache wadogo. Ndani yake tunaweka hita, pampu ya hewa, kichujio cha sponji na vipande vya bomba la plastiki ili samaki apate pa kujificha. Hakuna jiwe wala mchanga. Sababu ni mbili: vitu hivyo hunyonya shaba na kuifanya dawa ishuke bila wewe kujua, na pia huwapa vimelea nyuso nyingi za kujishikiza. Sponji ndiyo roho ya tangi hili. Bakteria wanaobadilisha amonia huchukua wiki kadhaa kukaa humo, na samaki wengi wanaosemekana kufa kwa ugonjwa wakiwa karantini kwa kweli wamekufa kwa amonia. Mimi huacha sponji ya akiba ndani ya kichujio cha tangi kubwa wakati wote wa amani. Lakini ugonjwa ukishaingia katika tangi kubwa, sponji hiyo nayo imeshaambukizwa, na inafaa tu kwa karantini ya tiba, haifai kwa mgeni mzima.

Maji nayo yanataka neno. Visima vingi vya mkoa wetu vina maji ya chumvi, na wapo wanaodhani kwamba maji hayo yamesogea karibu na bahari. Hayajasogea. Chumvi ya kisimani ni ya madini tofauti kwa uwiano tofauti, na katika baadhi ya visima kuna naitreti pia. Maji ya kuchanganyia chumvi ya bahari yapite kwanza kwenye mashine ya kuchuja, kisha yapimwe kwa kipima chumvi mpaka yafike gramu 35 hivi kwa lita. Kuanzia Agosti hadi Oktoba hewa yetu ni kavu mno na tangi hupoteza maji kila siku huku chumvi ikibaki, hivyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi peke yake.

Sasa tuje kwenye shaba, ambayo ndiyo dawa ya kutegemewa dhidi ya madoa meupe na vumbi vilevile. Wakulima wa zabibu wa hapa kwetu wanaijua shaba kama dawa ya ukungu, na mrututu ni jina la zamani la salfeti ya shaba katika Kiswahili. Nisisitize mapema kwamba dawa ya shambani isitiwe kwenye tangi, kwa kuwa ina viambato vingine vilivyokusudiwa majani. Kinachotumika ni salfeti ya shaba safi ya maabara, au dawa ya shaba iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki. Kiwango cha shaba huru kinachotibu ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Chini ya hapo vitoto vinaishi, juu kidogo ya hapo samaki anaanza kuumia. Dawa za shaba iliyofungwa pamoja na kemikali nyingine hutumia viwango vya juu zaidi, vilivyoandikwa kwenye chupa zake, na hesabu za aina moja zisihamishiwe kwenye nyingine.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangi la lita 100 linahitaji miligramu 20 za shaba ili lifikie 0.20. Fuwele za salfeti ya shaba, zile za buluu zenye maji ndani yake, ni shaba kwa robo hivi ya uzito wake, kwa hiyo zinatakiwa miligramu 79, kiasi ambacho mizani ya dukani haiwezi kukipima. Tunayeyusha gramu 7.9 katika lita moja ya maji safi, na kila mililita 10 za mchanganyiko huo zinabeba kile kinachohitajika kwa lita 100. Zisitiwe zote mara moja. Zigawanywe katika siku mbili au tatu, huku ukipima kwa kipimo cha shaba asubuhi na jioni, isipokuwa pale unapoona dalili za ugonjwa wa vumbi, ambapo subira ya siku tatu ni ndefu kuliko maisha ya samaki. Kisha kiwango kilindwe kwa wiki tatu hadi nne bila kushuka hata siku moja, maana siku moja ya upungufu ni mlango kwa vitoto vilivyotoka siku hiyo. Unapobadilisha maji, maji mapya yaingie yakiwa na shaba ya kiwango kilekile. Dawa za kutuliza amonia zisichanganywe na shaba, kwa sababu baadhi yake huigeuza shaba kuwa sumu kali zaidi. Na shaba isiguse kamwe tangi lenye matumbawe, kamba au konokono; itawaua wote.

Kwa madoa meupe peke yake ipo njia isiyohitaji dawa, na kwa mtu aliye mbali na maduka ya pwani mimi naipenda kuliko zote. Mtafiti Colorni aliichapisha mwaka 1987. Tunatumia mabeseni mawili. Samaki huhamishwa kutoka beseni moja kwenda jingine kila baada ya siku tatu, mara nne mfululizo, akikuta kila mara maji mapya na vifaa vikavu. Kwa kuwa vifuko havipasuki kabla ya siku ya tatu, kila uhamisho humtoa samaki kabla watoto wa vile vilivyodondoka hawajazaliwa. Na kwa kuwa hakuna kimelea kinachokaa mwilini zaidi ya wiki moja hivi, ndani ya siku 12 samaki amebaki bila chochote. Saa ni muhimu: siku tatu zisizidi, na nyavu, hita na mawe ya hewa ya beseni la kwanza yasiguse la pili. Beseni lililoachwa huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa mpaka likauke kabisa, na hapo jua la Dodoma hutusaidia bure, kwani kifuko kilichokauka kimekufa. Gharama yake ni chumvi. Kujaza beseni la lita 40 mara tano, yaani mara ya kwanza na kwa kila uhamisho, ni lita 200, sawa na kilo saba na ushee za chumvi ya bahari. Njia hii haiponyi ugonjwa wa vumbi wala minyoo, ndiyo maana nilisema kwanza umtambue adui.

Dawa mbili nyingine tutazikumbuka kwa majina. Klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na ambayo waliokuwa watu wazima wakati huo bado wanaikumbuka kwa uchungu wake na kujikuna usiku kucha, huua vimelea vya vumbi na vya madoa kwa miligramu 10 hadi 15 kwa lita. Inataka unga safi, kwa kuwa vidonge vina vijazio vingine, na inataka tangi lifunikwe, maana mwanga huiharibu. Prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, ndiyo dawa ya minyoo bapa. Hurudiwa baada ya siku kadhaa kwa sababu haiui mayai. Zote mbili zipitie kwa daktari wa mifugo.

Kupunguza chumvi hadi gramu 15 au 16 kwa lita kwa wiki kadhaa kumewahi kuponya madoa, lakini zipo aina za kimelea zinazovumilia hali hiyo, na Amyloodinium haijali. Kitunguu saumu hakitibu. Kamba wasafishaji hawawezi kumng'oa kimelea aliye chini ya ngozi. Mwanga wa urujuanimno hupunguza vitoto vinavyopita kwenye kifaa, basi.

Wakati samaki wanatibiwa, tangi kubwa hubaki bila samaki hata mmoja. Hili ndilo wengi wanalokataa, na nawaelewa, kwa sababu kutazama mawe matupu sebuleni kwa miezi miwili na nusu kunachosha moyo. Wanaacha mmoja tu, "yule asiyeumwa," na yeye ndiye malisho ya kupe. Samaki aliyenusurika hupata kinga kiasi kwa miezi kadhaa, hivyo hubeba vimelea vichache kwenye matamvua bila kuonyesha doa, akawasubiri wageni. Kipindi kinachokubalika na wafugaji makini ni siku 76, zikihesabiwa tangu samaki wa mwisho alipotolewa. Matumbawe, kamba na konokono wabaki humo, walishwe kidogo ili bakteria wa tangi wasife njaa. Hita isizimwe. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzijoto 13 au 14, na tangi lililoachwa lipoe huchelewesha vifuko kupasuka, kwa hiyo zile siku 76 hazitakuwa zimehesabu kitu. Maji yakae kwenye 26 hadi 27 mwanzo hadi mwisho. Tangi la karantini likae chumba kingine, au angalau mita tatu kutoka pale, kwa kuwa matone madogo yanayorushwa na mapovu hubeba vitoto hewani. Mikono ioshwe na ikaushwe kati ya tangi na tangi.

Tangu mwaka ule, kila samaki anayeteremka kwenye basi kutoka Dar es Salaam hupitia beseni kabla ya tangi, awe na doa au asiwe nalo, kama ng'ombe wa mnadani anayefungwa pembeni kabla ya kuchanganywa na kundi. Maji ya mfuko aliosafiria humwagwa, hayaingii popote. Hukaa siku 12 za kuhamishwa, kisha wiki mbili nyingine za kutazamwa akila, nikimmulika kwa tochi kila jioni kuanzia kwenye mapezi. Kangaja niliye naye sasa alihamishwa mara nne, akaogeshwa mara moja katika maji yasiyo na chumvi, na siku ya 77 ya tangi tupu nikampeleka kwa mkono ndani ya jagi, nikamtia kwenye wavu na kuacha maji ya jagi yachuruzike yote kabla sijamwachia.